Gurudumu la Sumaku

1. Nguvu isiyoonekana

Mtoto akitwaa sumaku mbili mikononi, atasikia jambo la ajabu. Akizielekeza upande huu, zavutana na kugongana. Akigeuza moja, zasukumana, na hata akizikaza kwa nguvu hazitaki kukutana. Hapana kamba katikati yake, hapana kijiti, wala upepo. Hata hivyo mikono yasikia nguvu.

Kila sumaku ina ncha mbili. Moja huitwa ncha ya kaskazini, nyingine ncha ya kusini. Sumaku ndefu ikitundikwa kwa uzi, ncha yake ya kaskazini itageukia kaskazini siku zote. Ndiyo sababu mabaharia husafiri na dira. Tena sheria yake ni moja: ncha zinazofanana husukumana, ncha zisizofanana huvutana.

Basi mtoto mwenye akili huwaza hivi: Kama sumaku moja yasukuma nyingine, kwa nini nisifunge sumaku nyingi kwenye gurudumu, na kuweka nyingine kando yake? Gurudumu litasukumwa, litasukumwa tena, nalo litazunguka usiku na mchana. Halitataka mafuta, wala kuni, wala maji. Litasaga mahindi ya mama. Litavuta maji kisimani. Litawasha taa ya kusomea.

Wazo hili si la kuchekwa. Watu wenye elimu kubwa waliliwaza zamani sana. Lakini yafaa kujua walifika wapi, na ni kitu gani walichokosa.

2. Wazee waliojaribu

Mwaka wa 1269 mtu mmoja wa Ufaransa aliandika barua ndefu juu ya sumaku. Jina lake Petrus Peregrinus. Siku zile alikuwa Italia pamoja na jeshi lililouzingira mji wa Lucera. Barua yake ina mafundisho mazuri: yaeleza jinsi ya kutafuta ncha mbili za jiwe la sumaku, na jinsi ya kutengeneza dira. Lakini katika sehemu ya mwisho aliandika habari za gurudumu lenye meno ya chuma, la kuzungushwa daima na jiwe la sumaku.

Miaka mingi ikapita. Mwaka wa 1648 Mwingereza mmoja, John Wilkins, alitoa kitabu juu ya mashini. Humo alieleza mtambo mwingine. Fikirini nguzo, na juu yake jiwe kubwa la sumaku. Ubao umeegemezwa kwenye nguzo kama ngazi ya kupandia. Chini ya ubao pana gololi ya chuma. Sumaku yaivuta gololi, nayo yapanda ubao. Karibu na kilele pana tundu. Gololi yaanguka tunduni, yateremka kwa njia ya pili mpaka chini, kisha yavutwa tena. Hivyo ingepanda na kushuka bila kukoma.

Kwa macho mtambo ule ni mzuri sana. Lakini Wilkins mwenyewe aliona kosa lake. Sumaku yenye nguvu ya kutosha kuivuta gololi kutoka chini, ambako ni mbali, itakuwa na nguvu kubwa zaidi gololi ikifika karibu. Basi itawezaje kuiachilia ianguke tunduni? Gololi itaruka tundu na kunata kwenye sumaku. Na sumaku ikipunguzwa nguvu ili iiachilie gololi, haitaweza kuivuta kutoka chini. Mtambo wanyimwa huku na kunyimwa huku.

3. Kwa nini lasimama

Gurudumu lenye sumaku tupu lina ugonjwa ule ule. Tazameni sumaku moja ya gurudumu ikikaribia sumaku iliyo kando. Yavutwa, na gurudumu laenda mbio. Vema. Lakini ikiisha kufika, yatakiwa ipite na kwenda zake. Sasa sumaku ya kando yairudisha nyuma kwa nguvu ile ile. Faida yote iliyopatikana wakati wa kuja yalipwa wakati wa kuondoka. Hata sumaku zikiwa 10 au 100, zikipangwa wima au mshazari, hesabu ni ile ile.

Mfano wake ni njia ya kijiji. Mtoto atoka mlangoni kwao, azunguka kilima, arudi mlangoni pale pale. Labda njiani aliteremka mara 3, akafurahi sana. Lakini kwa kuwa amerudi mahali alipotoka, ni lazima alipanda sawasawa na alivyoteremka. Haipo njia ya kuzunguka inayoteremka tu, ikakurudisha nyumbani. Na gurudumu ni njia ya kuzunguka.

Zaidi ya hayo, ekseli husuguana na mahali inapokaa, na hewa huzuia gurudumu kidogo kidogo. Kwa hiyo gurudumu lililosukumwa kwa mkono litazunguka kitambo, kisha litasimama.

Watu wengi waliwaletea wataalamu mitambo ya namna hii, hata mwaka wa 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kikakata shauri kutopokea tena mashini za kuzunguka daima. Waliona ya kuwa mafundi wengi walikuwa wakipoteza mali yao na siku zao bure.

Jambo hili halijaisha. Hata leo wako watu wanaoonyesha gurudumu la sumaku linalozunguka lenyewe, na kusema ya kuwa litatoa umeme bila kutumia kitu. Mara nyingi jiwe la tochi limefichwa chini ya ubao, au mtu apuliza hewa pembeni mahali pasipoonekana. Kisha wanadai fedha. Baba akiuza mbuzi wake anunue mashini ya namna hii, atabaki na chuma tupu na zizi tupu. Mtoto aliyejifunza sababu yake aweza kumwonya mapema.

Je, basi sumaku haiwezi kuzungusha gurudumu? Yaweza, tena kwa nguvu nyingi. Lakini yataka mwenzake, na mwenzake ni umeme.

4. Sindano ya dira yageuka

Mwaka wa 1820, katika mji wa Copenhagen, mwalimu Hans Christian Ørsted aliona jambo jipya. Alipitisha mkondo wa umeme katika waya uliokuwa karibu na dira. Mara sindano ya dira ikageuka. Alipokata mkondo, sindano ikarudi mahali pake. Hivyo ikajulikana ya kuwa waya wenye mkondo wa umeme wafanya kazi kama sumaku.

Habari zikaenea upesi Ulaya nzima. Huko London alikuwako kijana Michael Faraday. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, naye mwenyewe alianza kwa kazi ya kushona vitabu. Mwaka wa 1821 alitundika waya karibu na sumaku iliyosimama ndani ya chombo cha zebaki. Alipopitisha umeme, waya ukaizunguka sumaku, ukazunguka tena, bila kusimama. Ile ndiyo mota ya kwanza. Haikuweza kusaga hata punje moja, lakini ilionyesha njia. (Zebaki ni sumu. Watoto wasiiguse.)

Mwaka wa 1825 Mwingereza William Sturgeon, ambaye ujanani alifundishwa kazi ya kushona viatu, alikunja kipande cha chuma kama kwato ya farasi na kukizungushia waya. Umeme ulipopita, chuma kikawa sumaku. Umeme ulipokatwa, sumaku ikafa. Kipande chenye uzito wa gramu 200 hivi kiliinua kilo 4. Kisha huko Marekani Joseph Henry akavika waya hariri, ili mizunguko ya waya iweze kulaliana bila umeme kuvuka toka mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo aliweza kuzungusha waya mara nyingi sana, na mwaka wa 1831 sumaku yake iliinua zaidi ya kilo 900.

Angalieni tofauti. Sumaku ya kawaida haikubali kulala. Siku zote yavuta. Sumaku ya umeme hutii: yawashwa, yazimwa, na ncha zake zaweza kugeuzwa. Hicho ndicho walichokosa akina Peregrinus. Gurudumu lao lilihitaji sumaku inayojua kuvuta wakati wa kuja na kuacha wakati wa kuondoka.

5. Mhunzi wa Brandon

Thomas Davenport alizaliwa mwaka wa 1802 katika jimbo la Vermont, huko Marekani. Alifiwa na baba yake akiwa bado mtoto, na alipopata miaka 14 aliwekwa kwa mhunzi ili ajifunze kazi. Shule aliisoma kidogo tu. Baadaye alifungua karakana yake katika mji mdogo wa Brandon, akafua nyundo, misumari na viatu vya farasi.

Mwaka wa 1833 alisikia ya kuwa katika kiwanda kimoja cha chuma, upande wa New York, watu walitumia sumaku ya umeme kutenga mawe yenye chuma na mawe matupu. Akaenda kuitazama. Aliona sumaku ndogo ikining'iniza fuawe nzima. Mhunzi ajua uzito wa fuawe. Davenport hakuweza kuisahau sumaku ile.

Akataka kuinunua, lakini bei yake ilikuwa dola 75, fedha nyingi sana kwa mhunzi. Ndugu yake Oliver alimsaidia: aliuza bidhaa zake, akabadilisha farasi wake mzuri kwa farasi hafifu, ili apate fedha juu yake. Hivyo sumaku ikanunuliwa.

Alipofika nyumbani, Davenport hakuitumia kuchezea. Aliifungua waya kwa waya, na mkewe Emily akaandika kila jambo: waya ulipita wapi, ulizunguka mara ngapi. Kisha Davenport akafua chuma chake mwenyewe ili atengeneze sumaku nyingine. Hariri ya kuvika waya haikuwapo. Yasimuliwa ya kuwa Emily alitoa nguo yake ya arusi, iliyokuwa ya hariri, akaichana vipande vyembamba, na kwa vipande hivyo waya ukavikwa.

6. Nusu ya mzunguko

Davenport aliweka sumaku moja kwenye gurudumu, na nyingine kando yake. Akafungua umeme. Gurudumu likazunguka nusu, likasimama. Ncha za sumaku zilikuwa zimekutana, zikashikana. Hapo alifika mahali walipofika wote waliomtangulia.

Lakini sumaku zake zilikuwa za umeme. Zikikutana, na mkondo ukigeuzwa saa ile ile, ncha ya kaskazini yawa ya kusini. Zilizokuwa zikivutana zaanza kusukumana, na gurudumu laendelea. Swali likawa moja: nani atageuza mkondo kila nusu ya mzunguko? Mkono wa mtu hauwezi kwenda upesi hivyo.

Dawa yake ilikuwa hii: gurudumu lenyewe ligeuze mkondo. Penye ekseli pakawekwa vipande vya shaba, na kando yake nyaya zilizogusa vipande hivyo. Ekseli ikizunguka, nyaya zaacha kipande hiki na kugusa kile, na mkondo wageuka. Kitu hiki kwaweza kuitwa kigeuzi. Watu wengine Ulaya walikuwa wamekifikiri pia, kwa mfano Sturgeon mwaka wa 1832. Mwaka wa 1834 gurudumu la Davenport likazunguka bila kusimama.

Mwaka wa 1835 aliunda gari dogo la kwenda kwa umeme juu ya reli ya mviringo. Akaomba hati ya serikali, inayomlinda mvumbuzi asiibiwe kazi yake. Lakini mwezi wa Desemba 1836 nyumba ya kutunzia hati iliungua huko Washington, na mfano wa mashini yake ukateketea humo. Davenport akaunda mwingine. Tarehe 25 Februari 1837 alipewa hati nambari 132.

7. Mashini hula

Mtu angedhani kwamba sasa mhunzi alipata utajiri. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1840, katika mji wa New York, alichapa gazeti kwa mashini iliyozungushwa na mota yake. Watu walistaajabu, lakini hawakununua. Kwa nini?

Kwa sababu mota, kama ng'ombe, ni lazima ile. Chakula chake ni umeme, na siku zile umeme ulitoka katika mitungi ya asidi yenye vipande vya zinki na shaba. Umeme ukitoka, zinki yaliwa na asidi, mpaka yakwisha. Zinki ilikuwa ghali. Mashini ya mvuke ilikula makaa ya mawe, na makaa yalikuwa rahisi zaidi. Mwenye kiwanda akipiga hesabu, alichagua mvuke.

Davenport alirudi Vermont akiwa na madeni. Alikufa mwaka wa 1851, kabla ya kutimiza miaka 49. Kazi yake haikuwa na kosa. Ilikosa chakula cha bei nafuu.

Chakula hicho kilikuja baadaye. Mwaka wa 1831 Faraday alikuwa ameonyesha jambo la kinyume: ukiisogeza sumaku karibu na waya uliozungushwa, umeme watokea ndani ya waya. Wa kuitengeneza kazi hii vizuri akatokea Zénobe Gramme, seremala aliyezaliwa Ubelgiji mwaka wa 1826. Huko Paris aliunda mashini ya kutoa umeme, nayo ikawa imara ya kutumiwa viwandani. Mwaka wa 1873, katika maonyesho makubwa ya Vienna, mashini moja ya Gramme ilizungushwa ikatoa umeme, na umeme ule ukapelekwa kwa waya hadi mashini ya pili iliyofanana nayo. Ile ya pili ikazunguka. Mashini moja ilikuwa mzalishaji, nyingine mota. Tangu hapo umeme ungeweza kutoka katika mvuke, na katika maporomoko ya maji, na kwenda mbali kufanya kazi.

Mhunzi, mshona vitabu, mshona viatu, seremala: hao ndio waliozungusha gurudumu la sumaku. Wote walikuwa watu wa kufanya kazi kwa mikono, nao walitazama vizuri walichokifanya.

8. Mota ya mtoto

Sasa watoto waweza kuunda mota ndogo. Vitu vinavyotakiwa ni hivi:

— jiwe moja la tochi, lile kubwa na nene;
— waya mwembamba wa shaba uliopakwa rangi, urefu wa mita 1 na nusu (hupatikana ndani ya mota au radio iliyoharibika);
— pini 2 za kufungia nguo;
— sumaku moja (spika ya radio iliyokufa ina sumaku nzuri);
— ukanda mwembamba wa mpira, uliokatwa katika mpira wa ndani wa baiskeli;
— kisu kidogo au msasa.

Kwanza, zungusheni waya juu ya jiwe la tochi mara 10, kisha uondoeni. Mtapata pete ya waya. Acheni miisho miwili, kila mmoja sentimeta 5, ikitokeza upande huu na upande huu, iliyonyooka sawasawa. Kila mwisho uzungushwe mara 2 juu ya pete, ili pete isifumuke.

Pili, parueni rangi. Hapa ndipo penye siri. Mwisho mmoja uparuliwe wote, pande zote, mpaka shaba ing'ae. Kwa mwisho wa pili, simamisheni pete wima juu ya ukingo wa meza, mwisho ukilala mezani, mkaparue upande wa juu tu. Upande wa chini ubaki na rangi yake.

Tatu, fungeni pini moja kila upande wa jiwe la tochi, penye chuma chake, kwa ukanda wa mpira. Matundu ya pini yaelekee juu. Wekeni sumaku juu ya ubavu wa jiwe, katikati. Kwa kuwa gamba la jiwe ni la chuma, itanata yenyewe. Ikikataa kunata, ifungeni kwa uzi.

Nne, pitisheni miisho ya pete ndani ya matundu ya pini. Pete isigusane na sumaku, lakini iwe karibu nayo. Isukumeni kidogo kwa kidole. Kama kazi ni nzuri, pete itazunguka mbio.

Kwa nini mwisho mmoja uliparuliwa nusu tu? Rangi huzuia umeme. Upande wa shaba ukigusa pini, umeme wapita, pete yawa sumaku, nayo yasukumwa. Upande wa rangi ukigusa pini, umeme wakatika, sumaku ya pete yazimika, na pete yapita kwa mbio zake yenyewe. Kisha shaba yagusa tena. Nusu ile ya rangi ndiyo kigeuzi cha watoto. Rangi ikiparuliwa yote pande zote mbili, pete itatikisika na kusimama, kama gurudumu la kwanza la mhunzi wa Brandon.

Jihadharini na mambo matatu. Pete ikisimama, iondoeni mara moja, kwa maana waya huwaka moto na jiwe huisha upesi. Msitumie kamwe umeme wa nyumba: huo huua. Na sumaku ndogo zisiachwe karibu na watoto wachanga. Sumaku 2 zikimezwa huvutana tumboni na kutoboa matumbo.

9. Mambo ya kujaribu

Pete isipozunguka, msikate tamaa. Tafuteni sababu moja moja. Je, shaba yang'aa vizuri? Je, pete iko sawa, au upande mmoja ni mzito? Je, miisho imenyooka? Je, jiwe la tochi limechoka?

Pete ikiisha kuzunguka, fanyeni kama Emily: twaeni daftari, mwandike. Kisha badilisheni kitu kimoja tu kila mara. Mkibadilisha vitu viwili pamoja, hamtajua ni kipi kilicholeta tofauti.

Geuzeni sumaku, upande wa chini uje juu. Pete itapenda kuzunguka upande wa pili. Irudisheni sumaku ilivyokuwa, kisha geuzeni jiwe la tochi. Itageuka tena. Sasa geuzeni vyote viwili. Fikirini kwanza jibu, liandikeni, ndipo mjaribu.

Ongezeni sumaku ya pili juu ya ile ya kwanza. Tengenezeni pete ya mizunguko 5, na nyingine ya mizunguko 20. Ipi yaenda mbio zaidi? Pete yenye waya mwingi ni sumaku yenye nguvu, lakini pia ni nzito. Daftari litaonyesha ipi ishinde.

Mwisho, ondoeni jiwe la tochi, muache sumaku peke yake, mkaisukume pete. Itazunguka mara chache, itasimama. Jaribio hili dogo lasema kweli kuliko maneno ya mwenye kuuza mashini isiyokula.

10. Shaba ya nyumbani

Waya wa mota ni shaba, na watu wa Katanga waliijua shaba tangu zamani sana. Mababu waliyeyusha mawe ya shaba katika tanuru za udongo, wakaimimina iwe misalaba midogo ya kununulia vitu. Baadaye machimbo ya Kolwezi na Likasi yalitoa shaba nyingi kwa ajili ya nyaya za nchi nyingi. Kipushi, karibu na Lubumbashi, pana zinki, ile iliyokuwa chakula cha mashini ya Davenport. Hata kobalti ya Kongo huingia katika sumaku za namna fulani na katika betri.

Umeme nao upo. Huko Inga, mto Kongo waporomoka kwa nguvu nyingi. Mtambo wa kwanza ulifunguliwa mwaka wa 1972, wa pili mwaka wa 1982, na nyaya za umeme zilivutwa kilometa 1,700 hivi mpaka Kolwezi. Maji yazungusha gurudumu huku, na mota yazunguka kule. Lakini vijiji vingi vya njiani vyaziona nyaya zikipita juu, na usiku wao bado ni wa kibatari. Kazi hiyo yawangoja mafundi.

Mtoto aliyeunda mota kwa jiwe la tochi na pini mbili ameisha kuanza kazi ya ufundi. Ajua ya kuwa gurudumu halizunguki bure. Wazee husema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sumaku hutoa nguvu, lakini ni lazima kitu kilipe: zinki ya jiwe la tochi, makaa ya mawe, au maji ya mto. Fundi mwema auliza kwanza: Mashini hii yala nini? Akiisha kupata jibu la kweli, ndipo atwaa nyundo.

Maswali

1. Sheria ya ncha za sumaku ni ipi?
2. Kwa nini gololi ya Wilkins haikuweza kuanguka tunduni?
3. Sumaku ya umeme yapita sumaku ya kawaida kwa jambo gani?
4. Oliver alitoa nini? Emily alitoa nini?
5. Kigeuzi chafanya kazi gani? Katika mota ya mtoto kigeuzi ni kitu gani?
6. Kwa nini wenye viwanda hawakununua mota ya Davenport?
7. Mtu aja kijijini na gurudumu la sumaku, asema lazunguka bila kula kitu. Mtamwuliza nini? Mtatazama wapi?